Chumba cha ubavuni: wapime na waandikiane kabla ya kusimika mti wa kwanza

Kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Masisi-centre, na ile inayoshuka kutoka Nyabiondo kuelekea Walikale, nyumba nyingi zimeota ubavu wa pili. Paa limerefushwa upande mmoja kwa mabati mawili matatu yaliyokwisha kutobokatoboka, au kwa turubai la msaada, au kwa nyasi tu. Chini yake zimesimikwa nguzo za mkaratusi, katikati zikajazwa mianzi na udongo, na mlango ukatengenezwa kwa mbao za masanduku. Humo analala shemeji aliyekimbia na watoto wake, au mjane wa ndugu, au familia ambayo mwenye nyumba hakuwahi kuijua kabla ya usiku ule wa mvua ilipobisha hodi.

Chumba hicho hakionekani kwenye ripoti nyingi. Ripoti huhesabu kambi, mahema na magunia ya unga. Lakini kwa miaka mingi mashirika ya Umoja wa Mataifa yenyewe yamekuwa yakisema kwamba wengi wa wakimbizi wa ndani nchini Kongo hawako kambini; wako kwenye familia. Maana yake ni kwamba mzigo wa vita vya Kivu Kaskazini umebebwa na vyumba viwili vya mkulima, na pale visipotosha, na chumba cha tatu ambacho mkulima huyo amekibandika ubavuni kwa haraka, bila kipimo wala mapatano.

Mwaka 2025 ulizidisha hali hiyo. Masisi-centre ilichukuliwa na M23 mapema Januari, na watu kwa maelfu wakajibanza hadi ndani ya uzio wa hospitali kuu. Tarehe 27 mwezi huohuo waasi waliingia Goma. Februari kambi zilizozunguka mji huo, zilizokuwa zimewahifadhi watu wa Masisi kwa miaka miwili na zaidi, zilivunjwa na wakaaji wake wakaambiwa warudi walikotoka. Tarehe 19 Machi ikawa zamu ya Walikale-centre, ambayo waasi waliiacha mwanzoni mwa Aprili. Kila hatua ya vita hiyo iliwasukuma watu msituni, barabarani, kisha kwenye mlango wa mtu. Waliorudi vijijini kutoka kambi za Goma, wengi wao walikuta nyumba zao zimeungua, zimebomolewa au zina watu wengine ndani. Nao pia walikwenda kwa ndugu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Masisi methali hiyo imekwama kwenye neno la mwisho. Jembe lipo, shamba halifikiki. Mgeni anakaa mwezi, anakaa mwaka, na watoto wake wanaanza masomo kwenye shule ya kijiji cha mwenyeji. Kwa hiyo chumba cha ubavuni kinachukuliwa kama banda la siku tatu, kumbe kinakuwa nyumba ya miaka mitatu. Kosa linaanzia hapo, nalo linaweza kurekebishwa bila kusubiri amani isainiwe: chumba hiki kipangwe kama nyumba inavyopangwa, kwa kamba ya kupimia mkononi, na kiandikiwe karatasi kama shamba linavyoandikiwa.

Chukua nyumba ya kawaida: upana mita 5, urefu mita 6, paa la migongo miwili, na ukingo wa paa mita 2 na sentimita 20 kutoka ardhini. Watu wengi huongeza chumba upande wa ukingo, yaani pale maji ya paa yanapomwagikia. Wanachukua mabati, wanayachomeka chini ya ukingo na kuyashusha hadi kwenye nguzo za nje. Sasa hesabu. Ili mvua ya Masisi iteremke bila kurudi ndani, bati linahitaji kushuka angalau sentimita 20 kwa kila mita. Ukitaka chumba cha upana wa mita 3, paa litashuka sentimita 60, na ukuta wa nje utabaki na mita 1 na sentimita 60. Mtu mzima ataingia ameinama na kuamka ameinama. Ukipunguza upana uwe mita 2, ukuta wa nje unafika mita 1 na sentimita 80. Panasimamika, lakini umebaki na mita 2 kwa 5, mita za mraba 10. Tena maji yote ya mgongo ule wa paa kuu yanapita juu ya maungio ya paa dogo. Kila mwenye nyumba anajua wapi patavuja kwanza.

Upande mwingine wa nyumba, ule wenye ukuta wa pembetatu, mambo ni tofauti. Hapo fundi anaurefusha mgongo wa paa wenyewe kwa mita 3, anapandisha ukuta kimo kilekile, na nyumba inakuwa ndefu tu. Hakuna kuinama, na maji ya paa kuu hayapiti juu ya maungio. Kinachopatikana ni mita 5 kwa 3, mita za mraba 15. Watu huogopa njia hii wakidhani inakula mabati mengi. Bati la mita 3, likishapandana na mwenzake, linafunika karibu sentimita 75. Chumba cha kuegemea ukingoni chenye urefu wa mita 5 kinahitaji mabati 7. Kurefusha mgongo kwa mita 3 kunahitaji mabati 4 kila upande, yaani 8. Kwa bati moja zaidi, familia inapata nusu ya nafasi juu ya ile ya kwanza. Kuta za ziada zinataka miti na udongo, si fedha nyingi; mikono ipo, na mgeni mwenyewe kwa kawaida ndiye wa kwanza kukanyaga udongo.

Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani, kile cha mwongozo wa Sphere, ni mita za mraba 3.5 za kuishi kwa kila mtu, bila kuhesabu jiko na mahali pa kuogea, na zaidi ya hapo kwenye nchi ya baridi, ambako watu hukaa ndani muda mrefu. Kwa kipimo hicho chumba cha mita za mraba 10 hakiwatoshi hata watu watatu. Kile cha 15 kinawatosha wanne. Familia ya watu sita ingehitaji 21, na hakuna ubavu wa nyumba ya kijijini utakaotoa nafasi hiyo. Basi isemwe waziwazi siku ya kwanza kwamba wasichana wakubwa watalala na wasichana wa mwenye nyumba, kwamba kijana atalala kwa jirani. Mambo haya yakiachwa yajitafutie njia usiku, ndipo yanapozaa yale ambayo kina mama huyaeleza kwa sauti ya chini kwenye vituo vya afya.

Mlango nao una maneno yake. Chumba ambacho mtu hawezi kutoka bila kupita kwenye sebule ya mwenyeji kimeokoa gharama ya mlango mmoja, lakini kimeongeza ugomvi wa kila asubuhi. Mlango wa nje unaompa mgeni faragha yake, wenye komeo la ndani, unafaa kuwa wa kwanza kwenye orodha ya vifaa. Ukuta wa zamani nao ulikuwa na dirisha. Chumba kipya kikishaliziba, chumba cha mwenye nyumba kinakuwa giza, na moshi wa jiko unakosa pa kutokea. Dirisha hilo lihamishiwe ukuta mwingine kabla nyongeza haijaanza, wala lisisubiri hadi watoto waanze kukohoa. Moto wa mgeni usiwashwe ndani ya chumba hicho hata mara moja. Nguzo kavu, nyasi, turubai la plastiki na jiko la makaa havilali pamoja.

Vijijini bado kuna nafasi. Tatizo kubwa liko kwenye vituo vya biashara: Masisi-centre yenyewe, Rubaya, Mweso, na kwa upande wa Walikale, Pinga, Mubi na Ndjingala. Huko nyumba zimejipanga kando ya barabara bega kwa bega, nyingine zikishirikiana ukuta mmoja, nyingine zikiachana kwa uchochoro ambao watu wawili hawawezi kupishana. Uchochoro huo ndio “ubavu” pekee uliobaki, na ndio unaozibwa. Anayeuziba anaona mita moja na nusu iliyokaa bure. Haikuwa bure. Ni njia ya kwenda chooni na ya mama mwenye bidoni la maji kichwani. Maji ya mapaa mawili yanashukia hapo. Na nyumba moja ya mbao ikiwaka, uchochoro ndio unaowapa majirani dakika chache za kutoa watoto na godoro. Nyumba kumi zikiziba vichochoro kumi, mtaa mzima umekuwa nyumba moja ya mbao yenye milango mingi.

Haiwezekani kuwaambia watu wasijenge. Walioko nje usiku hawawezi kusubiri mpango wa miji. Lakini mtaa unaweza kukubaliana jambo dogo: kila nyumba iongeze upande mmoja tu, ule uleule kwa mstari mzima, tuseme wa kushoto, na upande wa pili uachwe wazi kwa upana wa mtu aliyebeba mzigo. Hakuna ofisi inayohitajika kwa hilo. Viongozi wa nyumba kumi na chifu wa mtaa wanaweza kulimaliza baada ya salongo ya Jumamosi.

Maji yanastahili neno la ziada, kwa sababu Masisi ni nchi ya miteremko. Nafasi ikikosekana, mtu huchimba kilima kilicho ubavuni ili apate mita mbili za tambarare. Ukuta wa udongo uliokatwa wima namna hiyo unasimama vizuri kiangazi. Masika ukishalowa, unarudi mahali pake. Mwezi wa Aprili 2023 maporomoko ya udongo wilayani Masisi yaliua watu wapatao 20, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi mmoja baadaye, upande wa Kalehe, Kivu Kusini, mafuriko na maporomoko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400. Asiye na nafasi pembeni ila kwa kukata kilima, basi arefushe nyumba kwa mbele, hata kama ni kwa kupoteza baraza. Na kabla ya bati la kwanza, uchimbwe mfereji kuzunguka nyumba wa kupeleka maji bondeni, mbali na msingi wa jirani wa chini. Jirani wa chini ndiye anayesahaulika kila mara.

Baada ya mti na bati linakuja suala ambalo ni zito kuliko yote: ardhi.

Katika nchi nyingine mtu akiongeza chumba, jirani huuliza tu kama kivuli kitamfikia. Masisi jirani anauliza zaidi ya hapo, na ana sababu. Tangu 1937 utawala wa Wabelgiji ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda na kuzipa makao kwenye milima hii. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya kahawa, chai na ng'ombe, ambayo yalipita mkononi mwa wakoloni kisha mwa wakubwa wa utawala wa Mobutu, huku wakulima wakibanwa kwenye vipande vidogo. Vita vya 1993, vilivyoanzia soko la Ntoto wilayani Walikale na kusambaa Masisi nzima, vilikuwa na ardhi na haki ya kuiongoza kwenye mzizi wake. Mtu aliyekulia kwenye historia hiyo akiona mgeni anasimika nguzo karibu na mpaka wake, haoni chumba. Anaona dai.

Sheria haijasaidia sana. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Kwa ardhi ya kimila, ambayo ndiyo wanayolima wananchi wengi wa usultani wa Bahunde, wa Bashali, wa sekta za Katoyi na Osso-Banyungu, na za Bakano na Wanyanga huko Walikale, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya rais itakayoeleza haki zao. Wananchi waliisubiri amri hiyo kwa miongo. Wakati wakiisubiri, wakaendelea na kile walichokuwa nacho: neno la chifu, ua la miti ya mpaka, na karatasi ya mauziano yenye sahihi tatu.

Na chifu mwenyewe leo ni nani? Swali hili halipendezi, lakini halikwepeki. Sehemu kubwa ya Masisi iko chini ya utawala wa AFC/M23 tangu mwanzo wa 2025. Sehemu za Walikale ziko chini ya Serikali, nyingine zinasikiliza makundi ya Wazalendo. Karatasi iliyogongwa muhuri wa mtawala wa leo inaweza kukataliwa na wa kesho, na kumtia matatani aliyeishika. Kwa sababu hiyo mashahidi wana thamani kuliko muhuri. Majirani wanne wa pande nne za kiwanja, waliosimama siku ya kupima na kuona vigingi vikichomekwa, watakuwa hapo watawala watakapobadilika. Nao pia wakikimbia, watakimbia na kumbukumbu.

Kiandikwe nini? Si mkataba wa kurasa sita. Iandikwe kwamba kiwanja ni cha fulani na kinabaki chake; kwamba chumba cha urefu huu na upana huu kimejengwa ubavu wa mashariki, hatua kadhaa kutoka mpaka wa jirani; nani alileta mabati, nani miti, nani misumari na mlango. Iandikwe kwamba mgeni akiondoka atang'oa kilicho chake, au mwenyeji atakinunua kwa bei waliyokubaliana siku ileile ya kujenga, kabla urafiki haujachoka. Iandikwe kama kuna kodi au hakuna, maana mara nyingi “kaa bure tu” ya mwezi wa kwanza hubadilika kimyakimya kuwa siku tatu za kulima kwa wiki. Kazi si aibu, lakini ijulikane kama ni shukrani au ni kodi.

Na waweke sahihi waume na wake. Kina mama ndio wanaogawana maji, sufuria na choo. Ndio wanaobaki wanaume wakitoroka au wakiuawa. Mjane ambaye jina lake haliko kwenye karatasi anaweza kutolewa na ndugu wa marehemu yeye pamoja na mgeni wake. Sheria ya Familia, iliyorekebishwa Julai 2016, iliondoa sharti la mke kupata idhini ya mume kabla ya kusaini shughuli zake. Vijijini habari hiyo inatembea polepole, na mapatano ya chumba ni mahali pazuri pa kuifikisha.

Watu wa misaada watasema hayo ni mambo ya familia. Siyo. Familia pokezi imefanya kazi ambayo Serikali na mashirika yangeifanya kwa gharama kubwa, halafu mara nyingi malori ya msaada yanapita mbele ya mlango wake kwa sababu orodha ina majina ya wageni peke yao. Mwenyeji anamtazama mgeni akipokea turubai la mita 4 kwa 5, ndoo na sabuni, naye paa lake linavuja vilevile. Hapo ndipo maneno mabaya yanapoanza, na kwenye wilaya zenye makabila mengi na bunduki nyingi, maneno hayo hayabaki jikoni. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi wa ndani, uliopitishwa Kampala Oktoba 2009, unasema kwamba msaada, pale inapofaa, ufike hata kwa jamii zinazowapokea. Haukuacha mwanya wa kusema mwenyeji si kazi yetu.

Turubai lina faida yake usiku wa kwanza. Mvua na jua la miezi kadhaa vinalichosha, nalo halina thamani tena. Bati, hata lile jembamba la BG 32 ambalo mafundi hulidharau, linakaa miaka, linang'olewa, linahamishwa, linauzwa. Mpango wa maana kwa Masisi ungekuwa rahisi kuueleza: kwa kila familia inayokubali kupokea, mabati 8, misumari, bawaba na komeo la mlango, pamoja na ujira wa fundi wa kijiji kwa siku chache, na karatasi ya mapatano iliyosomwa kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, mbele ya majirani. Mwenye nyumba anapata fursa ya kuziba paa lake pia, mgeni anapata paa lililo lake. Pale soko linapofanya kazi, fedha taslimu zinaweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko mizigo, mradi bei ya bati haitapandishwa siku orodha inapobandikwa ukutani. Wafanyabiashara wa Masisi wanajuana. Kamati ya soko iitwe mapema.

Walikale ina masharti yake. Ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya theluthi moja ya mkoa mzima, na sehemu kubwa yake ni msitu. Huko miti haikosekani. Kinachokosekana ni bati na barabara ya kulileta. Mzigo unaotoka Goma au Bukavu unapita vizuizi vingi, na kila kizuizi kinadai chake, hata bati likafika Mubi likiwa na bei ya vito. Ndiyo maana nyongeza nyingi huko zinaezekwa kwa majani. Si vibaya, majani yanapoa kuliko bati, lakini yanataka paa lenye mteremko mkali zaidi, kwa hiyo ile hesabu ya kuegemea ukingoni inazidi kuharibika: ukuta wa nje unashuka hadi kiunoni. Kurefusha mgongo wa nyumba ndiyo njia pekee ya maana. Adui mwingine ni mchwa na unyevu. Ncha ya nguzo ikibabuliwa kwa moto au kupakwa oili chafu ya injini kabla ya kuzikwa, na udongo wa nje ukiinuliwa ili maji yasisimame, chumba kinaongeza misimu kadhaa. Mafundi wa Walikale wanalijua hilo. Wanaolisahau ni wale wanaojenga kwa siku moja kwa sababu mvua imeanza.

Zipo familia ambazo hazipaswi kuombwa kuongeza chumba hata kwa mabati ya bure: zile ambazo tayari watu 20 wanatumia choo kimoja, zile ambazo kiwanja chao kina kesi, zile ambazo mama yuko peke yake na hawezi kumkatalia mgeni mwenye silaha au mwenye jamaa wenye silaha. Kamati za vijiji ziwe na ujasiri wa kusema hapana kwa niaba yao, maana wao wenyewe hawataweza. Ukarimu wa kulazimishwa umekwisha kuonekana Masisi, tena mara nyingi.

Tamko la kanuni lililosainiwa Doha tarehe 19 Julai 2025 kati ya Serikali ya Kinshasa na AFC/M23 lilitaja kurudi kwa wakimbizi na waliohamishwa kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Watakaporudi, si wote watakaokuta nyumba. Mtu wa Kitchanga au wa Bihambwe atafika kwenye jivu la nyumba yake na kwenda kulala kwa kaka yake hadi atakapojenga. Atahitaji chumba cha ubavuni upande ule mwingine wa safari, na mwenyeji wake atahitaji kipimo kilekile, mfereji uleule, karatasi ileile.

Aliyeandikiana vizuri kule alikokimbilia hataanza na mikono mitupu. Asubuhi ya kuondoka atapanda na nyundo na kung'oa misumari mmoja mmoja, akiinyoosha juu ya jiwe ili itumike tena. Mabati 8 yanatosha kwenye chukudu moja. Kuta za udongo na nguzo zitabaki kwa mwenyeji, kama walivyokubaliana, naye ataziezeka akipata nafasi, au atazifanya banda la mbuzi.